Kiazi Dume

Juzi niliona maua ya zambarau yamepanda fensi ya jirani huku Kisaju, nikasimama. Nilijiona tena mtoto, nyuma ya nyumba yetu Kitengela, mama amenituma ning'oe mmea kama huo kwenye fensi yetu ya miti ya kayaba.

Yeye aliona magugu. Mimi niliona viazi vitamu. Ua lilikuwa lile lile la tarumbeta, jani la umbo la moyo, na shina nililokata lilitoa maziwa meupe yaliyonata vidoleni.

"Mama, hii ni viazi. Mimi siing'oi."

"Hiyo haina kitu chini, Wambui."

Nikachukua jembe nikachimba ule udongo mweusi, mgumu kama tofali, huku kengele za ng'ombe zikilia barabarani. Jua lilipowaka maua yakajikunja, nami nikaamini yananifichia viazi. Mwishowe nilitoa mzizi mwembamba kama kamba ya kiatu.

Mama alicheka. "Sasa utachemsha hiyo tule?"

"Basi ni kiazi dume," nilimjibu, "kama ule mpapai wetu usiozaa. Na mpapai hujaukata."

Nikaufukia mzizi, nikasimama mbele ya mmea na jembe mkononi mpaka mama akarudi jikoni.

Siku hizi najua hakuna kiazi dume. Najua pia kwamba mmea ule na kiazi kitamu ni wa ukoo mmoja. Nilimwomba jirani kipande cha shina, nikakipanda kwangu. Jumapili mama alikuja, akautazama mmea.

"Bado unangoja viazi?"

"Singoji, mama. Huyu ni ndugu yao. Si lazima aje na kitu mkononi ndio afunguliwe mlango."