Bethdei ya Uongo ya Mama

Nilimdanganya mhudumu kwamba ni bethdei ya mama. Huo ndio ujinga wenyewe, nauweka mezani mapema.

Pale kwenye mgahawa wa baga, upande wa Mirongo hapa Mwanza, ukisema ni siku yako wahudumu wanaacha chipsi kwenye mafuta, wanakuja kukuimbia na kukupa milkisheki ya bure. Wimbo aliutunga dada yangu alipokuwa akifanya kazi pale, kabla hawajamhamishia tawi lao la Dodoma. Katikati alichomeka maneno ya mama, yale anayotuambia kila sare ikitufupia: "Umekua lini na mimi nipo hapa hapa?"

Tangu dada aondoke, mama hamtaji. Anasonga ugali wa watu watatu, kisha ananisema mimi eti sili. Mimi, ninayelamba hadi mwiko! Nikaona huyu anauhitaji ule wimbo. Sawa, hata mimi niliuhitaji, ila mwanaume wa kidato cha tatu hasemi mambo hayo.

Basi Jumapili, tulipotoka kanisani, nikamburuta hadi pale. Kitenge kipya, nywele kasuka jana yake. Tukakaa meza za nje. Nikajifanya naenda kunawa, nikamnong'oneza mhudumu.

Nilichosahau kila mtoto wa Mwanza anakijua: mwenye bethdei humwagiwa maji.

Wakaja wakipiga makofi. Walipofika kwenye "umekua lini na mimi nipo hapa hapa," mama akaacha kutafuna. Baga ikabaki hewani, sosi inamchuruzika hadi kiwiko. Midomo yake ikaanza kuyafuata maneno, polepole. Hapo hapo jagi zima likamwagika kichwani.

"Hongera, mama!"

"Ya nini?" akauliza, maji yanamtoka puani.

Wote wakanigeukia. Nikajificha nyuma ya milkisheki yake.

Tulipotoka alisimama juani akikamua kitenge. Shavu langu nilikuwa nimeshaliandaa.

"Nani aliwapa maneno yangu?"

"Dada. Wimbo wote ni wake."

Akaendelea kukamua pale pale, hata tone lilipokuwa halitoki tena. Kofi halikuja. Akageuka kuutazama ule mlango, ndani bado wanacheka, akasema:

"Jumapili ijayo waambie bethdei ni ya kwako. Mimi nitakaa karibu, nisikie vizuri."