Kishikio Kipya cha Fundi Bayumi

Arobaini ya mkewe ilikuwa bado, naye Fundi Bayumi akafungua karakana. Mtaa mzima wa Sabtiya ulimtazama akipandisha mlango wa bati. Girgis, mhunzi wa jirani, aliacha moto wake akaja kusimama kizingitini.

"Baba Ramzi, watu watasema."

"Waseme. Midomo ni yao."

Ndani mlikuwa na mashine moja tu, ya kukereza chuma, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Bayumi alianza kuitumia ujanani, na Inshirah, mkewe, alikaa kando yake na mkasi. Kazi yake ilikuwa kukata vibati. Kishikio cha kizamani, kile kinachoshika kisu cha kukatia, hakijui kupanda wala kushuka. Kisu kikikaa chini ya katikati ya chuma, lazima ukiinue kwa vipande vya bati. Inshirah alikata makopo ya samli, akachungulia kwa jicho moja, akatia kimoja kinene na kimoja chembamba. "Haya, kata," alikuwa akisema. Mafundi walimcheka Bayumi kwa kuleta mke karakana. Kazi yake ilitoka laini.

Sasa hayupo. Bayumi alijaribu kupanga vibati mwenyewe, macho hayakumtii. Mhimili wa mashine ya kukandia unga ukatoka na chunusi, kijinundu ambacho kisu hakikukifikia, katikati ya uso wake, na mwoka mikate akautupa juu ya meza. "Chukua chunusi yako, fundi."

Ramzi, mwanawe, aliposikia hayo akasema basi. "Baba, njoo ukae kwangu. Nimepata mtu wa kuichukua mashine. Anakuja Alhamisi."

"Mwambie asije."

"Nimeshamwambia aje."

Bayumi akaenda soko la vyuma vya mitumba, akarudi amekumbatia kishikio cha aina nyingine. Hiki, kila kisu kina nyumba yake, na kila nyumba ina skrubu ya kuipandisha na kuishusha. Unaichomeka, unavuta mkono wa kishikio, imekaza. Kibati cha nini? Ila tundu lake lilikuwa pana kuliko boliti ya mashine. Kikacheza.

Girgis alicheka mpaka akashika ukuta. "Bwana harusi mzuri, suruali imempwaya! Zungushia bati hiyo boliti, kaza, maisha yaendelee." Ndivyo walivyofanya wote mtaani.

"Ndivyo mnavyoharibu. Bati litaachia kikipata mzigo. Nachonga bushi, kipete cha chuma cha kuziba hilo pengo."

"Utaichonga kwa kishikio kipi? Si hicho hicho cha vibati? Na nani atakupangia?"

Bayumi akavikusanya vibati vya mkewe mezani.

Alhamisi asubuhi alifunga kipande cha chuma, akaweka kibati, akakata. Chunusi. Akaongeza kingine. Chunusi, ndogo zaidi. Akafumba jicho moja, akachomeka kile chembamba kuliko vyote. Chunusi ikaondoka. Hakumwita mtu kuona. Alikuwa anatoboa katikati Ramzi alipoingia na mnunuzi, na wapagazi wawili wenye spana.

"Zima, mzee, tufungue miguu ya mashine," alisema mnunuzi.

"Haizimwi. Ina kazi."

"Bwana Ramzi, mbona hukuniambia mzee hajakubali?"

"Baba, usiniaibishe mbele za watu."

"Aibu ni kuuza mashine ya mtu aliye hai."

Mpagazi mmoja akanyoosha mkono kwenye swichi. Akakuta mgongo mpana wa Girgis umeshafika.

"Naegemea," alisema Girgis. "Nimechoka tangu alfajiri."

Bushi ilikatika kutoka kwenye kipande cha chuma, ikamwangukia Bayumi kiganjani ikiwa na moto. Hakuitupa. Alifungua kishikio cha kale, akaivalisha boliti bushi, akateremsha kishikio kipya juu yake. Kilishuka polepole, kikakaa. Akakitikisa kwa mikono miwili. Kimya. Akakaza nati.

Akachomeka nyumba ya kisu. Mkono wake ukaenda mezani kutafuta kibati, ukasimama hewani. Watu wote waliuona. Akaurudisha, akageuza skrubu kidogo, akageuza tena, akavuta mkono wa kishikio.

Kisu kikapita usoni mwa chuma kilichobaki kwenye mashine, kutoka ukingoni hadi katikati. Ndipo akamwambia Girgis atoke kwenye swichi, akazima mwenyewe.

"Sasa imezimwa. Nani anafungua?"

Wapagazi walimtazama mnunuzi, mnunuzi akamtazama Ramzi. Ramzi alipitisha kidole gumba juu ya chuma, katikati, akarudia. Kilikuwa laini kama kioo.

"Samahani, bwana," alimwambia mnunuzi. "Haiuzwi."

"Mmenivuta mpaka Sabtiya mnionyeshe kioo?"

"Kunywa chai kwanza," alisema Bayumi. "Halafu uende."

Mnunuzi hakunywa. Mkokoteni wake ulipokwisha kutoka, Ramzi alibaki amesimama, mikono mfukoni.

"Na kwangu, Baba, hutakuja?"

"Nitakuja Ijumaa, kula. Jioni narudi."