Fadhila na Wakulima Walioitwa Tangawizi

Fadhila aliandika programu za kompyuta katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la saruji, Same mjini. Bosi wake, Wilbard, alikuwa gwiji. Tusibishane: alijitangaza mwenyewe, na cheti cha semina ya siku mbili kilining'inia ukutani.

Walikuwa wakijenga tovuti ya ushirika wa wakulima wa tangawizi. Fomu zake kumi na mbili zilihitaji kazi zilezile: kukagua namba ya simu, kutunza jina, kutuma ujumbe. Kwa busara yake, Wilbard akazirundika kazi hizo katika mafaili mawili, moja la wakulima, jingine la mazao, kila fomu ikayameza yote mazimamazima.

"Bosi, yote mawili yana kitu kinachoitwa 'jina'," Fadhila alisema. "Yakikutana, la pili litalifunika la kwanza."

"Mdogo wangu, tangu lini majina yakagombana?" Wilbard akajibu, akarudi kwenye chai yake.

Wiki ya pili tangu tovuti ianze kutumika, mkulima mmoja, Mzee Hezroni, akashuka kutoka Mamba, kule milimani, kavaa koti la kanisani, simu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hebu nisomee."

Fadhila akasoma: "Ndugu Tangawizi, usajili wako umekamilika."

"Mimi nilibatizwa Hezroni," mzee alisema taratibu. "Jirani yangu naye kawa Tangawizi. Na mkewe. Ndiyo tumekuwa ukoo?"

Fadhila alitamani ardhi immeze. Wilbard akakumbuka ghafla kwamba ana kikao.

Fadhila akamwomba mzee radhi, akamrudishia jina lake palepale. Kisha kwa siku tatu akayavunja yale mafaili kuwa vipande vidogo, kila kimoja na kazi yake. Sasa fomu iliomba kile tu ilichohitaji na kukipa jina la pekee: la mkulima huku, la zao kule. Kosa likionekana, unarekebisha mahali pamoja, fomu zote zinapona.

Kwenye mkutano wa ushirika, Wilbard alieleza "mfumo wangu mpya" nusu saa nzima. Akapigiwa makofi.

"Na fomu ya wanunuzi?" akauliza katibu, Mama Agatha.

"Hiyo ni mwezi mmoja, mama. Ni kazi ya kitaalamu."

"Leo, kabla ya chakula," sauti ya Fadhila ikatoka nyuma.

Alipomaliza, makande yalikuwa bado jikoni. Tangu hapo Mama Agatha humpigia Fadhila moja kwa moja. Gwiji hasumbuliwi.