Jumapili Tulipowaombea Marehemu wa Tamthilia

Mpaka leo nikipita nje ya kigango chetu, kanisa letu dogo, siku ya kawaida, mlango umefungwa na hakuna hata mbuzi uwanjani, uso unaniwaka, naongeza mwendo. Nawasimulia kwa sababu najua mmeshasikia kwa wengine, na hao wengine wameongeza chumvi (wanasema nilizimia; sikuzimia, nilitamani kuzimia na kuzimia kwenyewe kukagoma). Basi bora msikie kwa mwenye aibu yake.

Mimi ni katibu wa jumuiya, zile kaya zetu kumi na kitu zinazosali pamoja kwa kuzunguka nyumba hadi nyumba. Kazi yangu mojawapo ni kuandika nia za misa, yaani majina ya wanaoombewa, na kumkabidhi Mwalimu Kosmas, katekista wetu (huku kwetu Mbinga katekista ni Mwalimu tu, hata kama hajawahi kushika chaki). Padri anafika kigangoni mara moja kwa mwezi, maana vigango ni vingi na barabara za milimani mnazijua zikinyeshewa, kwa hiyo jina lisiposomwa siku hiyo, unasubiri mwezi mzima.

Kazi yangu ya pili haina cheo: ni mshabiki wa tamthilia. Siyo mshabiki wa kuangalia huku napepeta maharage, hapana, mimi ni yule anayenyamazisha watoto. Tulikuwa wanawake sita tunaokusanyika kwa Mama Jeni, mwenye saluni na king'amuzi, tunaangalia ile ya kutoka nje iliyotiwa Kiswahili, Warithi wa Bonde, na kila Jumamosi kila mtu analeta orodha ya wahusika anaowapenda, wa kwanza mpaka wa mwisho, na sababu zake. Tena lazima iwe imeandikwa kwenye karatasi, kwa sababu Mama Jeni ana tabia ya kugeuka katikati ya ubishi na kusema mbona huyo nilimweka wa kwanza tangu zamani.

Sasa wiki hiyo kwenye tamthilia nyumba ya harusi iliungua, wakafa watu watano kwa mpigo, nasi tukaingia msiba wa kweli kweli (Mama Jeni alifunga saluni mapema, sitanii). Tukakubaliana orodha ya Jumamosi hiyo iwe ya marehemu peke yao: nani kaumiza zaidi.

Na hapo ndipo nilipofanya kakosa kadogo. Sikutaka kuchana daftari la shule la mwanangu Edina, nikachana ukurasa wa daftari la jumuiya. Ukurasa mmoja tu! Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ukatibu, juu kabisa nikaweka kichwa cha habari, nikakipigia mstari: MAREHEMU NINAOWAKUMBUKA KULIKO WOTE.

Ukurasa uliofuata, kwa kalamu ile ile, niliandika nia ya mama mkwe wangu.

Hapa nisimame kidogo niwaambie kuhusu mama mkwe, maana bila yeye hiki kingekuwa kichekesho tu. Ni mtu wa Lipingo, kule ziwani, mwanamke wa maneno machache, na miaka yote sikuwahi kujua kama ananipenda au ananivumilia. Mume wake, Mzee Gervas, aliugulia kwetu huku Mbinga miezi minne ya mwisho. Jumapili akiwa na nguvu mume wangu Festo alimfikisha kigangoni kwa pikipiki, mimi nikimshikilia kwa nyuma. Alifia mikononi mwangu asubuhi moja nikimnywesha uji, tukamzika kwao Lipingo. Mwaka ulipotimia mama akapanda gari na kapu la usipa, dagaa wa ziwani, waliokauka vizuri, akaja akitaka jina la mzee lisomwe hapa, mahali alipokula komunyo yake ya mwisho. Hajui kuandika. Alinikalisha jikoni akaniambia, "Mama Edina, wewe ndiye uliyemfumba macho. Jina lake uandike wewe."

Jamani, sijawahi kupewa kitu kizito kama kile. Niliandika jina la mzee nikilia.

Jumamosi kwa Mama Jeni tulibishana mpaka chai ikapoa, nikarudi nyumbani na orodha yangu nimeikunja mara nne. Nia nayo nimeikunja mara nne. Zote mbili zikalala kwenye mkoba mmoja. Jumapili asubuhi Mwalimu Kosmas alikuwa amesimama mlangoni anapokea karatasi za makatibu, nikaingiza mkono, nikatoa, nikampa, "Shikamoo Mwalimu," "Marahaba mwanangu," nikapita zangu na mama mkwe hadi benchi la tatu, upande wa wanawake, nikijiona mkwe wa mfano.

Wimbo wa kuingia haujaisha nikatafuta leso. Mkono ukagusa karatasi. Nikajiambia hiyo ni orodha yako, usiitoe humu ndani, ni aibu. Lakini moyo haukutulia, nikaifunua kidogo tu, kona, nikasoma: "...Gervas, kutimiza mwaka mmoja, waombaji ni mke wake na..."

Palepale nikakumbuka neno kwa neno nilichokiandika kwenye ile nyingine, na nikamkumbuka Mwalimu Kosmas ni msomaji wa namna gani. Mwalimu ni mtu mwema, lakini husoma kila kilichoandikwa. Mwaka juzi katibu mmoja aliandika chini ya karatasi "tazama nyuma," na Mwalimu akasoma kwa sauti, "Tazama nyuma," na waumini, kwa utii wetu, tukageuka.

Kwetu nia husomwa baada ya mahubiri. Nilikuwa na muda wa masomo mawili, injili na mahubiri. Nikaanza kumtafuta Mama Jeni kwa macho, yuko kwaya, sauti ya pili. Nikampungia mkono kwa chini. Akanipungia. Nikaonyesha karatasi, nikaonyesha kwa Mwalimu, nikashika kichwa. Yeye akatabasamu, akanionyesha vidole vitano na kutikisa kichwa kwa huzuni, nami nikaelewa kwamba anawasikitikia marehemu wetu watano, mwanamke huyu, mbele ya altare!

Mama mkwe akaninong'oneza, "Unaumwa?"

"Hapana mama. Joto." (Ilikuwa Julai. Mbinga, Julai, watu wamevaa makoti.)

Wakati wa somo la pili nikajikaza, nikainama kama mtu anayekwenda kukohoa nje, nikapita pembeni ya ukuta kuelekea mbele alikokaa Mwalimu. Nilikuwa nimebakiza mabenchi mawili nikashikwa bega na mama msimamizi wa viti, mwenye kitambaa kichwani kilichonyooka kuliko maisha yangu.

"Unakwenda wapi, katibu?"

"Kwa Mwalimu. Karatasi."

"Karatasi zimeshapokelewa."

"Ndiyo, ila hiyo yangu siyo..."

"Wewe ndiye unayetufundisha utaratibu," akasema, bado kanishika bega. "Injili inaanza. Rudi ukasimame."

Nikarudi. Mahubiri yale siwezi kuwaambia yalihusu nini. Nakumbuka tu kwamba kila padri alipovuta pumzi nilidhani anamaliza, na kando yangu mama mkwe alikuwa ameshaanza kujiandaa. Alifunga vizuri kitenge, akakung'uta vumbi la miguu, akashika rozari ya mzee, akakaa mbele kabisa ya benchi ili asikie. Ingekuwa heri angekuwa amesinzia.

Kumnong'oneza ukweli nilikuwa na nafasi. Nataka hilo mlijue. Dakika kumi nzima nilikuwa nazo za kusema, mama, nimekosea, na sikusema, kwa sababu bado nilitumaini Mwalimu ataishtukia karatasi, au miwani itapotea, au mvua itanyesha Julai.

Mwalimu Kosmas akasimama. Akasoma nia za jumuiya mbili za kwanza, wagonjwa, mvua njema, mavuno ya kahawa. Akafunua yangu. Akaitazama, akakunja uso kidogo, kisha akasoma kwa ile sauti yake ya msibani:

"Marehemu ninaowakumbuka kuliko wote. Kwanza, Kandida. Alimsamehe dada yake mara tatu, mimi ningemkomesha mara ya kwanza."

Halafu kanisa zima: "Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Mnaona shida ya majina? Kandida, Remigio, Leandro, hao kwetu si wageni, kila kaya ina wake. Watu waliombea kwa moyo kabisa. Nilimwona mzee mmoja anajipiga kifua.

"Pili, Remigio, mtunza bustani. Alipenda kimya kimya, akafa na penzi lake rohoni."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie."

Upande wa kwaya kikaanza kitu kama kikohozi. Mama Jeni alikuwa ameelewa, uso ameuficha ndani ya kitabu cha nyimbo, mabega yanacheza. Wenzetu wanne waliosambaa kanisani nao wakaanza kuinama mmoja mmoja.

"Tatu, Dokta Fabrisio. Muongo, lakini sura jamani."

Waliojibu sasa ni nusu. Nusu nyingine wanatazamana. Mama mkwe hakutazamana na mtu, alikuwa anasubiri, na kila jina lililotajwa alikuwa anaitikia na kuinua shingo kidogo zaidi, kama anayesubiri gari analolijua. Kwa heshima yake yote alikuwa anawaombea marehemu wangu, akijua zamu ya wake inakuja.

"Nne, Leandro. Angeoa mapema asingeungua."

Padri aligeuka akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa amezama kwenye karatasi, maskini, kidole kiko kwenye mstari wa mwisho, nami nikafumba macho.

"Tano, Bibi Hortensia, mama mkwe. Huyu alichelewa kufa."

Hakuna aliyejibu. Kisha, polepole, kichwa kwa kichwa, kigango kizima kikageuka kuangalia benchi la tatu, maana wote wanajua katibu wa jumuiya hiyo ni nani, na wote walimwona amekuja na mkwewe.

Mwalimu akageuza karatasi, akatazama nyuma yake, hakuna kitu. "Basi, zimeishia hapo," akasema, akakaa.

Nilikuwa nimekamata ile karatasi sahihi mkononi, imelowa jasho, na mwili hausimami. Ndipo nikahisi benchi linatikisika. Mama mkwe amesimama. Mwanamke ambaye sokoni Mbinga huninong'oneza mimi nimuulizie bei, kwa kuwa anaona haya na watu wa mjini, amesimama peke yake, rozari mkononi.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema.

"Milele amina," kanisa likajibu.

"Mimi natoka Lipingo. Nilikuwa na mume, anaitwa Gervas. Alikuwa anakaa pale, benchi la karibu na dirisha, alikuwa mgonjwa. Wengine mlikuwa mnampisha. Ametimiza mwaka. Sikumsikia kwenye karatasi, ndiyo maana nimesimama. Naombeni na yeye."

Padri ndiye aliyeanza, hakumwachia Mwalimu, na kanisa likaitikia kwa sauti ambayo sijaisikia tena pale, hata Krismasi. Mama Jeni alikuwa analia, kicheko chote kimemwisha. Mimi nilibaki nimekaa, nikikitazama kisigino cha mama mkwe kilichopasuka kwa matope ya mpunga, nikaona mimi ni mdogo kuliko karatasi niliyoishika.

Baada ya misa nilieleza. Nilimweleza padri (aliuma midomo, akaniambia mengine niyalete kwenye kitubio), nikamweleza Mwalimu Kosmas, ambaye kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameshaanza kuwaza namna ya kupeleka pole kwa familia ya Kandida. Festo alieleza kwa upande wake nje, kwa wanaume, ambao walimwuliza Hortensia ni nani na wamzike wapi. Mama mkwe nilimweleza nyumbani, jikoni palepale aliponipa lile jina, nikapiga magoti, nikamwambia yule wa kwenye karatasi siye wewe, ni mtu wa kwenye runinga, mbaya kwelikweli, hata wewe ungemchukia. Alisikiliza yote. Akauliza, "Na aliungua?" Nikasema ndiyo mama. Akasema, "Haya," akaendelea kuchambua usipa.

Orodha nimeacha. Kuangalia naangalia, siwadanganyi, lakini siandiki tena jina la mtu wa tamthilia mahali popote, na nia za misa namkabidhi Mwalimu zikiwa wazi, hazijakunjwa, naye kabla ya kuingia tunazisoma pamoja mstari kwa mstari kama watoto wa darasa la kwanza. Ukatibu sikunyang'anywa. Mwenyekiti wa jumuiya alisema hakuna mwingine mwenye mwandiko mzuri.

Jumatatu nilimsindikiza mama stendi. Nilimbebea kapu, nikamtafutia kiti cha dirishani, na gari lilipoanza kuunguruma nikamshika mkono nikamwambia, "Mama, nisamehe. Mwakani nitaliandika vizuri."

"Nilikusamehe kulekule kanisani," akasema, akanipigapiga mkono, kwa upole ambao hajawahi kunionyesha. "Lakini mwakani usiandike. Nitasimama mwenyewe."