Nilivyomzika Kaka Yangu kwa Boksi na Majivu

Mwaka 1998, hapa Durban, nilimzika kaka yangu wa tumbo moja kwenye bustani ya watu. Kisha nikarudi nyumbani, nikakuta msiba wake, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Nililia kwa moyo wote. Sikujua kwamba aliyemzika ni mimi.

Naitwa Sia, kwetu Marangu. Wakati huo nilikuwa nakaa Overport, kwenye fleti ya kaka yangu Gilbert na mke wake, wifi yangu Matilda. Gilbert alikuwa dereva wa lori, ofisi yao ikiwa Clairwood. Mimi nilikuwa nalea watoto wa mhadhiri mmoja Mkenya, Mama Valerie, anakaa Morningside.

Mwezi wa kumi unakaribia kuisha, Mama Valerie akaniambia watoto wanataka sherehe ya Halloween.

Nikamuuliza ndiyo nini hiyo. Akanieleza ni siku ya kutishana: watu wanapamba nyumba kwa mizimu na makaburi, watoto wanavaa vinyago, wanapewa pipi.

Nikabaki mdomo wazi. Kwetu makaburi yako nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na hakuna anayeyafanyia mchezo.

"Sia, mapambo ya duka ni ghali sana," akasema. "Tumia tu vitu tuko navyo kwa nyumba."

Kazi ya mikono naipenda, siwezi kudanganya. Mashuka makuukuu nikayavika mifagio, yakawa mizimu. Mifuko myeusi ya takataka nikaikata na kuisokota, ikawa buibui. Hanga za waya nikazizungushia toilet paper, zikawa mifupa. Makopo ya maziwa nikayatoboa kwa msumari, nikaweka mishumaa ndani.

Makaburi nikayatengeneza kwa maboksi matupu aliyokuwa ananiletea Gilbert kutoka kazini. Nilipika uji wa unga wa ngano, nikauchanganya na majivu, nikayapaka. Yakikauka unaweza kuapa ni jiwe.

Boksi la mwisho uji ukaniishia. Na hilo ndilo lilikuwa na maandishi makubwa ya marker, GILBERT. Kaka alikuwa anaandika jina lake ili wenzake kazini wasimchukulie.

Nikataka kuligeuza. Valerie, yule mtoto mkubwa, akasema niliache hivyo hivyo, linapendeza. Akachukua marker, akaandika R.I.P. juu ya jina, na chini yake tarehe ya siku ile.

Nikacheka. Nikalisimamisha karibu na geti, nikalirundikia udongo, nikachomeka na msalaba wa vijiti. Kisha nikawapeleka watoto kwa rafiki zao wakavae vinyago, nikakaa nao mpaka jioni, ndipo nikapanda taxi kwenda nyumbani kubadilisha nguo.

Kabla sijafika mlangoni nikaona viatu. Viatu vingi.

Mtanzania mwenzangu, unajua viatu vingi mlangoni maana yake nini.

Ndani, wanawake wamejifunga khanga, mikeka imetandikwa. Wifi Matilda amelala chini, kichwa kiko mapajani kwa Antoinette, jirani yetu Mkongo. Akaniona, akaniambia Gilbert ametuacha.

Jamani, nilianguka. Niligaagaa pale chini. Nilimlilia kaka kwa Kiswahili, nikamlilia kwa Kichaga. Kichwani nilikuwa naliona lori lake, aliloondoka nalo jana yake, limepinduka kwenye barabara ya Johannesburg. Halafu nikamkumbuka mama yetu kule Marangu, ana presha. Nikawaomba kwa sauti, mama asiambiwe kwanza, akisikia hili atamfuata mwanawe.

Machozi yalipopungua nikaanza kusikia minong'ono. Kumbe watu wamenuna. Mama mmoja anamuuliza mwenzake inakuwaje mtu anazikwa kimyakimya, hata ndugu zake wa Durban hawaambiwi.

Nikainua kichwa. Amezikwa? Wapi?

Akasogea Honoré, mume wa Antoinette. Yeye alikuwa mlinzi wa nyumba moja mtaa ule ule wa Mama Valerie.

"Dada Sia, pole sana. Kaburi miye mwenyewe niliona na macho yangu. Iko msalaba, iko jina yake, iko date ya leo. Ku parcelle ya boss wako Mkenya. Nikasema, huyu mama aliwasaidia na fasi ya kumuzika, sawa vile kwetu tunazikaka watu ku nyumba."

Hapo nikalikumbuka boksi langu la getini.

Na hakuna aliyeshangaa mtu kuzikwa kwenye ua wa nyumba katikati ya Morningside. Kwetu na kwao ndivyo tunavyozikana. Mzungu angepita pale getini angecheka, akaenda zake. Sisi tukatandika mikeka.

Nilitakiwa kusimama palepale niseme. Sikusimama. Nikatazama wale kina mama waliolia mpaka macho yamevimba, nikatazama sufuria ya chai ya msiba jikoni, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikawa naomba Gilbert aingie mwenyewe, mimi niponee hapo.

Ndipo Matilda akamuuliza Antoinette kama simu ya Marangu, ile ya dukani jirani na mama, ilipita.

"Ilipita," Antoinette akasema. "Niliambia ule baba wa duka, mtoto ya ule mama, wa Durban, amekufa. Kisha coins zikaisha."

Nikasimama. Nikawaambia Gilbert hajafa, lile ni boksi.

Hakuna aliyenielewa. Nikaeleza uji wa majivu, nikaeleza buibui wa mifuko ya takataka, nikaeleza Halloween. Mama mmoja akasema uchungu umenipanda kichwani, nishikwe.

Walikuwa bado wamenishika Gilbert aliposukuma mlango, mkoba begani, anauliza msiba ni wa nani.

Nusu ya watu wakakimbilia jikoni. Matilda akamvamia, akawa anampiga kifuani huku analia.

Wageni wakaondoka mmoja mmoja bila kuniaga. Honoré alivaa viatu vyake taratibu, akaniangalia, akasema, "Eish, dada." Basi.

Tukashuka mimi na Gilbert kwenye simu ya barabarani. Alitaka kuongea yeye. Nikakataa, nikamwambia nimelikoroga mwenyewe. Mwenye duka akapokea, akamtuma mtu mbio kumwita mama. Tukapiga tena.

"Mama, ni Sia. Gilbert hajafa, yuko hapa, mzima kabisa."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini sana.

"Wewe nani?"

"Sia, mama."

Nikasikia mkono wa simu unagonga ukuta, na wanawake wanapiga kelele. Mama akarudi, anahema.

"Tulikuwa tunakulilia wewe," akasema.

Nikamuuliza kwani hawakumtajia Gilbert.

"Walisema mtoto wangu wa Durban. Sikuuliza yupi. Gilbert alinipigia Jumapili, kama kawaida yake. Wewe sauti yako sijaisikia tangu Pasaka. Nikajua ni wewe."

Gilbert alikuwa pembeni yangu, anasikia yote. Akaangalia barabarani. Simu ile ilikuwa chini ya ngazi zetu, naipita kila asubuhi nikienda kazini.

Wewe unayesoma, popote ulipo ughaibuni, mpigie mama yako leo, hata kama huna jipya la kumwambia. Ili siku akiletewa habari mbaya, angalau aulize ni nani.