Kuwahesabu Wazee wa Bi Maryam

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya nyaraka pale Ruwi, Maskati, nilivaa viatu vya kisigino nikidhani nitakaa mezani kama bibi harusi. Mkuu wa Kitengo akanitazama miguu, akacheka, akanipandisha ngazi nishushe mafaili ya mirathi. Kazi yetu ilikuwa kuthibitisha nani mtoto wa nani: fulani bin fulani bin fulani, mpaka tumfikie babu anayekubaliwa na pande zote. Niliipenda mara moja. Mimi tangu utotoni napenda kujua ya watu, na hapa nalipwa mshahara kwa hilo.

Mkuu yule alikuwa na maneno machache. Siku moja nilimpelekea karatasi mbili, moja ya tarehe za Kiislamu na moja ya za Kizungu, nikalalamika kuwa zinapingana. Akanirudishia.

"Zuwena, kabla hujahesabu, uliza kwanza mwaka wao unaanza lini."

Nilinuna mpaka jioni.

Baadaye nikapelekwa Wales kusomea utunzaji wa nyaraka. Mwalimu wetu, bibi mrefu aliyekunywa chai bila sukari, masikini, alitukalisha mbele ya rejista za ubatizo za parokia, yaani daftari ambamo padri aliandika kila mtoto aliyebatizwa katika eneo la kanisa lake. Mimi niliyezoea mirathi nilijiona niko nyumbani, isipokuwa baridi tu. Watu wa Wales wa zamani, hasa wa mashamba, wengi hawakuwa na jina la ukoo. Evan ap Rhys ni Evan bin Rhys, basi. Dini yao yao, lakini nasaba ni nasaba.

Mwalimu alitufundisha kusoma ubatizo pamoja na maziko, kwa sababu mtoto akifa, jina lake mara nyingi alipewa anayemfuata. "Usimpe kitoto marehemu wajukuu," alikuwa akituonya. Na pale unyevu ulipokula daftari, tulitafuta nakala ambayo padri alimpelekea askofu wake kila mwaka.

Niliporudi Maskati nikapangiwa ghala la nyaraka Rusayl, chini ya Msimamizi aliyependa vumbi lifutwe kuliko karatasi zisomwe. Nikastaafia hapo, nikahamia Mabela, nikadhani mambo ya maparokia yamekwisha.

Kumbe jirani yangu ni Bi Maryam, mzaliwa wa Wales, aliyeolewa na mwenzetu wa Unguja na kusilimu zamani. Kiswahili chake kinanishinda hata mimi. Lakini kila wanawake tukikutana kwa kahawa, wifi yake, Bi Sharifa, huwahesabu wazee wao mpaka wa saba, tena kwa sauti. Bi Maryam hufika kwa babu yake akanyamaza, akazungusha halua. "Wangu mimi wamepotea," husema. Anacheka, lakini mimi namwona macho. Aliniambia mara moja kwamba hataki kufa wajukuu wake wakimjua kama mtu aliyeokotwa njiani.

Mwanawe, Nassor, akaanza kumtafutia, maana siku hizi rejista hizo zimewekwa kwenye mtandao. Ghafla akaacha. Siku moja baada ya Alasiri akaja kwangu na karatasi alizochapisha.

"Bi Zuwena, nimefika kwa babu wa sita, nimekwama. Mama nimemwambia daftari zimeoza."

"Zimeoza kweli?"

"Hazijaoza. Huyu Evan ni mtoto wa nje. Kabatizwa mwanzo wa Machi, na wazee wake wameoana Mei ya mwaka huohuo. Ntamwambia nini Mama, mbele ya shangazi?"

Moyo uliniuma. Nilivaa miwani, nikasoma mara mbili, ikawa kweli Machi na kweli Mei. Ndipo nikamkumbuka Mkuu wangu wa Ruwi, nikaanza kucheka peke yangu.

"Nassor, mwaka wao ulikuwa unaanza lini?"

"Si Januari, kama kawaida?"

"Enzi hizo mwaka wao uliingia tarehe ishirini na tano Machi. Hebu tazama ukurasa: unaanza na ubatizo wa Aprili, Mei, Juni, unakwenda mpaka Januari, Februari, na Machi iko chini kabisa. Machi hii ni mwisho wa mwaka, mwanangu. Hesabu toka ile ndoa."

Akahesabu kwa vidole. "Miezi kumi!"

"Tena walikuwa na subira."

Tulipekua na maziko. Evan hakufa mdogo. Nassor alikwenda kwa mama yake mbio, ndala moja kaiacha mlangoni kwangu.

Nyinyi vijana mnaowatafuta wazee wenu kwenye simu, msiwahukumu kabla hamjaijua kalenda yao. Mimi kwa kustaafu nimeridhika. Kazi niliyofundishwa kwa makaripio bado inanifuata nyumbani, na sasa inanifurahisha zaidi.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa kwa Bi Sharifa. Alipomaliza kuwahesabu wa kwake, Bi Maryam akaweka kikombe chini.

"Mimi ni Maryam binti William, bin John, bin Thomas, bin David, bin Morgan, bin Evan, bin Rhys." Akanikonyeza. "Rhys aliyeoa mwezi wa Mei."

Bi Sharifa akageuka, akawaita wajukuu waliokuwa wakicheza uani.

"Njooni mkae hapa," akasema. "Wifi, rudia, watoto wasikie."