Chai ya Mkobani

Mama yangu, ninayemwita mwaitu kama mama anavyoitwa kwetu Ukambani, hakuwahi kuumwa na kitu zaidi ya magoti. Kwa hiyo asubuhi alipotoka mlangoni kwetu Kyumbi nikaona macho yake yamekuwa ya manjano, nilimkaripia kabla sijaogopa. Ndivyo nilivyoumbwa, hofu yangu hutanguliwa na hasira. Akakiri kwamba mkojo ulikuwa umebadilika ukawa kama strungi, ile chai isiyo na maziwa, ngozi ilimwasha na chakula hakikupita. Hakuniambia kwa sababu alijua nitapiga kelele. Na kelele nilikuwa napiga.

Hospitalini Machakos walimlaza. Daktari, binti mpole aliyevaa raba, alimbonyeza tumbo, akachukua damu, akarudi amekunja uso. Haikuwa malaria. Haikuwa homa ya ini, wala nyongo haikuwa imeziba. Ini lilikuwa linaumia na hakujua linaumizwa na nini.

"Mama, kuna dawa yoyote unatumia?"

"Hakuna."

"Na miti shamba je?"

Hapo mwaitu alijiinua kitandani. "Daktari, mimi nimeokoka. Siendi kwa waganga!"

Daktari akaomba radhi. Nami nikamuunga mama mkono kwa sauti iliyosikika wodi nzima, kwamba kwetu mambo hayo hayapo.

Kesho yake vipimo vikapanda. Daktari aliniita kwenye korido akaniambia ini likiendelea hivyo linaweza kushindwa kabisa, na kwamba wameanza kutafuta nafasi Nairobi. "Lazima kuna kitu anakula ama anakunywa," alisema. "Fikiria sana." Nilifikiria mpaka kichwa kikauma. Nililaumu maji ya kisima, nikalaumu karanga, nikalaumu dawa tuliyoweka kwenye mahindi ghalani. Mama yangu alikuwa anakufa na mimi nahesabu gunia lipi lilifunguliwa lini.

Asubuhi iliyofuata nilimpelekea chai ya maziwa kwenye thermos. Akageuza uso.

"Si hiyo. Nipee chai yangu. Iko kwa mkoba."

"Chai gani inakaa kwa mkoba?"

"Ile ya kupunguza mwili. Si nakunywanga kila asubuhi kabla sijakula?"

Nilipekua. Chini ya Biblia na leso kulikuwa na kichupa cha plastiki chenye picha ya majani mabichi. Nilipokitikisa kikalia. Vilikuwa vidonge.

"Mwaitu, hii ni dawa!"

"Aiya! Kwani hujui kusoma? Imeandikwa chai."

Na kweli iliandikwa chai ya kijani. Aliuziwa na rafiki yake wa maombi, ambaye alipungua kwa vidonge hivyo hivyo na hakuumwa hata kichwa. Mwaitu naye alikuwa ameambiwa kliniki apunguze uzito, na alipoona nguo zinalegea na magoti yanamruhusu kupanda mpaka kanisani bila kupumzika, aliona akiongeza kidogo itakuwa bora zaidi. Kimoja kikawa vitatu, tumbo likiwa tupu. Wiki ya kufunga na kuomba hakuacha, maana chai haivunji mfungo wake. Hata pale wodini alikuwa amevimeza, huku sisi tunatafuta adui mbali. Hakuwa amemdanganya daktari hata kidogo. Nani kwetu huita chai dawa?

Nilikimbia korido nzima na kichupa mkononi. Daktari alisoma maandishi ya ubavuni mwa kichupa, akafunga macho kidogo. Akanieleza kwamba kikombe cha chai ya kijani hakina neno. Lakini kidonge ni chai iliyokamuliwa ikabaki ile nguvu yake tu, na mtu akimeza vingi bila chakula, ini la wengine hukataa. Wengi hawapati lolote. Nani atapata, hakuna anayejua mapema.

"Atapona?"

"Sumu tumeisimamisha. Sasa tungoje."

Kungoja kulinimaliza. Kesho yake vipimo vilipanda tena, na siku hiyo rafiki yake wa maombi alifika na uji. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimrarue. Mwaitu akanishika mkono kwa vidole vyake vya manjano, akasema pole pole, "Muache. Alinipa kile kilimsaidia." Yule mama akaketi akalia, uji ukapoa. Nilitaka kumchukia na sikuweza, na hilo liliniudhi pia.

Kisha, polepole, vipimo vikaanza kushuka. Nairobi haikuhitajika.

Siku ya kuruhusiwa, nesi alikuja na kalamu kujaza kadi ya kliniki. Akauliza mgonjwa anatumia dawa gani nyumbani. Nikafungua mdomo nijibu, mwaitu akanizuia.

"Dawa hakuna," alisema.

Nesi akaandika. Mwaitu akanyoosha shingo kutazama kadi, akagonga kwa kidole pale pale penye neno dawa.

"Lakini nakunywanga chai. Iandike hapa."